Jifunze Kiingereza kupitia mazungumzo ya kikapu: hatua kwa hatua

Maswali yanayorudi ni yaleyale. "Nimesoma Kiingereza miaka mingi, mbona mtangazaji wa kikapu akianza kuongea naambulia neno mojamoja tu?" "Wakisema mchezaji yuko 'on fire', wana maana gani?" "Nianze na kamusi au nianze na mechi?" Nimeona niyajibu yote mahali pamoja, kwa mpangilio, ili mwenye nia aanze leo.

Anza na mechi. Kwenye kikapu, tendo linafanyika mbele ya macho yako na neno lake linatamkwa papo hapo, halafu tendo hilohilo linarudiwa tena na tena kabla mechi haijaisha. Mpira umegonga ringi, mtu ameudaka, mtangazaji kasema "rebound". Punde si punde, tena "rebound". Robo ya kwanza ikiisha, neno hilo huna haja ya kulikariri. Tena mchezo wenyewe haupoi, kwa sababu timu yenye mpira ina sekunde 24 tu za kutupa, kanuni ambayo NBA, ligi kuu ya kikapu ya Marekani, iliianzisha mwaka 1954. Michezo mingi mtangazaji hupata nafasi ya kupumua. Kwenye kikapu hana, na hilo ndilo linalokutisha leo na litakalokufaa kesho.

Mwongozo huu ni wa mtu mwenye Kiingereza cha msingi: anaweza kusoma sentensi fupi na kueleza alichofanya jana. Kama bado hujafika hapo, hatua mbili za mwanzo zinakufaa, zilizobaki zisubirishe kidogo.

VITU VYA KUWA NAVYO KABLA YA KUANZA

- Kipande cha mechi chenye utangazaji wa Kiingereza, ambacho unaweza kukirudisha nyuma. Mechi ya moja kwa moja ni tamu, lakini haikusubiri.
- Spika za masikioni. Kelele za mashabiki humeza silabi za mwisho wa maneno, na kwenye Kiingereza silabi hizo ndizo zinazobeba wakati wa kitenzi.
- Daftari na kalamu. Simu inafaa kusikilizia. Kwa kuandikia, mkono hukumbuka zaidi.
- Kamusi ya Kiingereza kwa Kiingereza iliyotungwa kwa ajili ya wanafunzi. Kamusi ya lugha mbili itakupa neno moja la Kiswahili na kukuacha hapo, bila kukuonyesha neno linavyotumika.
- Kanuni chache za mchezo. Wachezaji ni watano kila upande. Ringi iko mita 3.05 kutoka sakafuni. Mtupo wa ndani ya mstari mkubwa una pointi 2, wa nje yake pointi 3, na mtupo huru pointi 1. NBA hucheza robo nne za dakika 12. Mechi zinazofuata kanuni za FIBA, shirikisho la kikapu la dunia, huwa na robo za dakika 10. Mchezaji wa NBA akifikisha makosa sita anatoka, chini ya FIBA ni matano. Kutoka kwa namna hiyo ndiko kunakoitwa "foul out".

Zaidi ya hapo, kanuni zitakuja zenyewe kadiri unavyosikiliza.

HATUA YA 1: Chagua kipande kifupi na ukae nacho

Dakika tatu hadi tano zinatosha. Chukua zile za mwisho wa robo ya nne, katika mechi iliyoamuliwa kwa pointi chache. Sisi huziita dakika za lala salama. Kiingereza huziita "crunch time". Hapo mchezo husimamishwa mara kwa mara, makocha huomba mapumziko, wachezaji huenda kwenye mitupo huru, na katika vituo hivyo wachambuzi hueleza polepole kilichotokea. Unapata maneno ya kasi na ya utulivu katika kipande kimoja.

Epuka mechi ya kipigo kikubwa. Timu ikishaachwa kwa pointi 30, dakika zilizobaki huitwa "garbage time", na watangazaji huanza kupiga soga za mambo yasiyohusiana na kinachoonekana. Mwanzoni hilo litakupoteza.

Tahadhari: video za mikusanyo ya mitupo mikali zenye muziki juu yake zinavutia, ila hazina lugha ndani. Zitazame ukipumzika, usizihesabu kuwa masomo.

HATUA YA 2: Tazama bila sauti

Zima sauti, tazama, na useme kwa Kiswahili kila unachokiona: anadunda, anapiga chenga, anatoa pasi, anatupa, anakosa, mwenzake anaudaka, filimbi. Wengi huiruka hatua hii wakiona inawachelewesha. Usiiruke. Ukishajua kwamba kuna tendo fulani na huna neno lake la Kiingereza, sikio lako litalitafuta neno hilo lenyewe. Asiyejua anachotafuta husikia kelele tu.

Andika matendo matano au sita ambayo ungependa kuyajua kwa Kiingereza. Hayo tu, usijaze ukurasa.

HATUA YA 3: Washa sauti, na utofautishe wanaozungumza

Kwa kawaida kuna watu wawili, na kila mmoja ana Kiingereza chake.

Wa kwanza anatangaza tendo kwa tendo. Anatumia wakati uliopo, na anaacha maneno mengi: "Drives left, kicks it out, for three... good!" Hakuna mtendaji, hakuna kitenzi kisaidizi, kwa sababu picha inajaza mapengo. Kwenye "kicks it out" hakuna aliyepiga teke. Mchezaji ameingia ndani, kisha akautoa mpira kwa pasi kwenda kwa mwenzake aliye mbali na ringi.

Wa pili ni mchambuzi, mara nyingi aliyewahi kuwa mchezaji au kocha. Huyu anasema sentensi kamili, anaeleza sababu, anatumia wakati uliopita: "He saw the double-team coming and found the open man." Yaani aliona walinzi wawili wanamjia, akampata mwenzake aliyeachwa peke yake. Kama lengo lako ni kuzungumza vizuri na watu, huyu wa pili ndiye mwalimu wako mkuu.

Sikiliza kipande chote mara moja bila kukisimamisha. Kisha kirudie ukisimamisha, uandike unachosikia hata kama huna hakika na tahajia. Maandishi ya chini ya picha yaache mpaka mwisho, na ukiyawasha usiyaamini moja kwa moja: yale yanayotengenezwa na kompyuta hukosea sana majina ya wachezaji na maneno ya mtaani ya mchezo.

Tahadhari: wachambuzi wa Marekani wana mazoea ya kusema "If he makes that shot, they win" wakizungumzia mtupo wa jana uliokosa. Katika mazungumzo ya michezo hiyo ni kawaida. Katika mtihani au barua, andika "If he had made that shot, they would have won." Zielewe zote mbili, na ujue kila moja ina mahali pake.

HATUA YA 4: Andika maneno pamoja na wenzake

Hapa ndipo daftari za wengi zinapoharibika. Mtu anaandika "screen", anaweka alama ya sawasawa, anaandika maana, anaendelea. Siku ya kulitumia hajui aseme "do a screen" au "make a screen". Andika kikundi kizima cha maneno kama ulivyokisikia:

- "set a screen": kusimama kwenye njia ya mlinzi ili mwenzako apite
- "draw a foul": kumfanya mpinzani akukosee
- "commit a foul": kufanya kosa wewe mwenyewe
- "grab a rebound": kuudaka mpira uliokosa kuingia
- "knock down a shot": kufunga mtupo, hasa wa mbali
- "turn the ball over": kuupoteza mpira
- "run out the clock": kukaa na mpira mpaka muda uishe
- "go on a run": kufunga pointi mfululizo wakati wapinzani wamekwama

Maneno madogo yanahitaji uangalifu kuliko hata vitenzi. Mchezaji wa akiba aliyeingia anakuja "off the bench". Mpira uliogonga ubao kisha ukaingia umefungwa "off the glass". Mitupo huru hufungwa "from the line". Kikapu kilichofungwa king'ora kikilia kimefungwa "at the buzzer". Timu inayoongoza kwa pointi tano iko "up by five", inayofuata nyuma kwa mbili iko "down by two". Sisi tunasema "kwa pointi tano", na hiyo "kwa" huwavuta wengi waseme "with five". Sema "by".

Vikundi vinane mpaka kumi kwa kipande kimoja vinatosha. Kurasa tatu za maneno ni mzigo, na mtu hurudi kwenye daftari analoliweza.

HATUA YA 5: Chunguza maneno uliyodhani unayajua

Ninaipenda hatua hii kuliko zote, kwa kuwa inafungua lugha kwa upana. Watangazaji wa kikapu hutumia maneno ya kawaida kabisa kwa maana zao, na anayeanza hupotea hapo kuliko kwenye maneno magumu.

"Court" ulijifunza kuwa mahakama. Hapa ni uwanja. "Glass" ni ubao ulio nyuma ya ringi, na kocha akiwaambia wachezaji "crash the glass" anawataka wote wakagombanie mipira inayorudi. "Paint" ni lile eneo lililo chini ya ringi, ambalo kwa kawaida hupakwa rangi tofauti. "Bank shot" haina pesa ndani yake: ni mtupo uliogongeshwa ubaoni makusudi. "Brick" ni mtupo mbovu uliogonga kwa kishindo ukaruka zake. "Dime", sarafu ya senti 10 ya Marekani, ni pasi nzuri iliyozaa kikapu. "Traveling" ni kosa la kutembea na mpira bila kuudunda, na Waingereza huliandika kwa "l" mbili. "Charge" ni kosa la mshambuliaji kumgonga mlinzi aliyekwisha kusimama sawasawa.

Sasa fuata maneno hayo nje ya uwanja. "Foul" kwenye mchezo ni kosa. Nje yake, "foul language" ni matusi, "a foul smell" ni harufu mbaya, na polisi wakisema wanashuku "foul play" wanahisi kuna uhalifu katika kifo au tukio fulani. "Shot" ni mtupo, ni risasi iliyofyatuliwa, ni sindano ya dawa au chanjo, ni jaribio. Mtu akikuambia "give it a shot" anakuhimiza ujaribu. Andika maana mbili za nje kwa kila neno la uwanjani, na usizidishe.

HATUA YA 6: Zima sauti tena, utangaze wewe

Rudisha kipande kilekile ulichokizoea, zima sauti, fungua kinywa. Kwa sauti ya kusikika, si ya moyoni. Mara ya kwanza utasema maneno manne huku wachezaji wameshafika upande wa pili. Endelea tu. Kama kasi inakushinda, punguza mwendo wa video.

Jirekodi, kisha ujisikilize ukitafuta makosa haya, ambayo huwapata hasa wanaofikiri kwa Kiswahili:

"S" ya mwisho. Ni "he shoots", "she passes", "he drives". Utangazaji umejaa vitenzi hivi, na sijui zoezi lingine linalokulazimisha kuitamka "s" hiyo mara nyingi namna hii kwa dakika moja.

"He" na "she". Kiswahili kina "yeye" mmoja, kwa hiyo ulimi huteleza. Dawa yake ni kubadilisha mechi: leo tangaza ya NBA, kesho ya WNBA, ligi ya wanawake iliyoanza kuchezwa mwaka 1997. Ukitangaza mechi nzima ya "she", "her" na "hers", ulimi utanyooka.

"Win" na "beat". Tunasema "tuliwashinda", kwa hiyo mtu anasema "we won them". Hapana. Unashinda mechi: "we won the game". Unawashinda watu: "we beat them". Kati ya makosa yote, hili ndilo ninaloomba ulisahihishe kwanza, kwa kuwa linasikika papo hapo na kulirekebisha ni rahisi.

"Kufunga" na "kupiga". Pointi hazifungwi kwa "close" wala "tie". Sema "score". Na "tie the game" ni kusawazisha, kitu kingine kabisa. Pasi nayo haipigwi kwa "beat": sema "make a pass" au "throw a pass". Tena kwenye mazungumzo kinachofungwa hakiitwi "goal" tu kama kwenye soka. Watu husema "basket" au "bucket".

Mkazo. Kwenye michezo, Wamarekani huweka nguvu mwanzoni mwa "defense" na "offense". Mashabiki wanapoimba "DE-fense" utaisikia wazi. Kwenye mambo ya sheria au jeshi, nguvu huhamia silabi ya pili.

Tahadhari: usijirekodi ukiwa na daftari wazi mbele yako. Ukisoma unajisikia hodari, lakini hujazungumza.

HATUA YA 7: Siku inayofuata, simulia

Sasa mechi imepita, na kila kitu kinahamia wakati uliopita. Vitenzi vingi vya kikapu havifuati kanuni ya "-ed", kwa hiyo viandike kwa jozi na uvitumie katika masimulizi: "shoot" huwa "shot", "steal" huwa "stole", "throw" huwa "threw", "catch" huwa "caught", "lead" huwa "led", "lose" huwa "lost". "Hit" na "beat" havibadiliki.

Simulia kwa dakika mbili: nani alicheza na nani, nani aliongoza, nini kilibadilisha mchezo, matokeo yalikuwaje. Huu ni mfano wa sentensi ya matokeo, kutoka usiku wa tarehe 2 Machi 1962: "Wilt Chamberlain scored 100 points as Philadelphia beat New York, 169–147." Isome kwa sauti. Matokeo hayo kwa kawaida hutamkwa "one sixty-nine to one forty-seven", bila neno "hundred". Namba za mechi ni mazoezi mazuri ya namba za maisha, maana bei, tarehe na namba za vyumba husemwa kwa ufupi uleule.

Baada ya kusimulia kwa mdomo, andika sentensi tano. Tano zilizo sahihi zinafaa kuliko ukurasa mzima ambao hutaurudia kuukagua.

HATUA YA 8: Toka uwanjani na nahau

Maneno ya kikapu yameingia katika siasa, biashara na mazungumzo ya nyumbani, hasa Marekani. Zitenge nahau hizi katika mafungu, maana si zote zinatumika popote.

Fungu la kwanza ni zile zilizotoka kikapuni na kuenea. "Slam dunk" ni kuusukumiza mpira ringini kwa nguvu kutoka juu. Wengi humtaja Chick Hearn, mtangazaji wa miaka mingi wa Lakers, timu ya NBA ya Los Angeles, kuwa ndiye aliyeueneza msemo huo. Nje ya uwanja ni jambo lisilo na shaka la kufanikiwa. Utausikia zaidi katika ukanushi: "Getting that job is no slam dunk", yaani kazi hiyo haijawa ya uhakika. "Full-court press" ni kumbana mpinzani uwanja mzima, tangu anapoanza na mpira. Serikali au kampuni ikiweka "a full-court press", imeelekeza nguvu zake zote kwenye jambo moja. "No harm, no foul" ni jibu la upole kwa anayeomba radhi kwa kosa lisiloleta madhara: amekugonga kidogo kwenye foleni, kasema samahani, nawe unamjibu hivyo na mambo yanaisha.

Kuna na maneno ambayo kikapu hakikuyazaa peke yake ila kimeyapenda sana. "Clutch" ni mtu anayetenda vizuri presha ikipanda. Mtu aliye "in the zone" amezama katika anachokifanya na kila kitu kinamkubali. Aliye "on fire" anafunga kila anachotupa. Ofisini ni mtu ambaye kazi zake zinafanikiwa mfululizo. "Benchwarmer" ni yule ambaye sisi tunasema anasugua benchi.

Fungu la pili ni mtego: nahau zinazofanana na za kikapu lakini zimetoka kwingine. "The ball is in your court", yaani uamuzi sasa ni wako, ni ya tenisi. "Jump through hoops", kuhangaishwa na taratibu nyingi, inatokana na wanyama wa sarakasi wanaorukishwa ndani ya duara, ingawa "hoop" pia ni jina la kikapu. "Throw a curveball", kumletea mtu jambo asilolitarajia, ni ya besiboli. "Throw in the towel", kukata tamaa, ni ya ngumi. "Long shot", jambo lenye uwezekano mdogo, ni ya kulenga shabaha. Watangazaji wa kikapu huzitumia zote, nawe zitumie. Usimweleze tu mtu kuwa asili yake ni kikapu.

Fungu la tatu zibaki uwanjani. "From downtown" ni mtupo wa mbali sana. "Broke his ankles" husemwa mlinzi anapopigwa chenga akayumba au kuanguka. Hakuna aliyevunjika, kwa hiyo usiende kumpa mtu pole. "Brick" na "dime" pia ni za hapa. Zitumie na watu wanaopenda mchezo, wengine hawatakuelewa.

Tahadhari: barua ya kuomba kazi, insha ya mtihani na ripoti hazihitaji "slam dunk". Sema "certain to succeed". Na ukizungumza na Waingereza, kumbuka nahau nyingi za kikapu ni za Kimarekani. Baadhi yao wataelewa bila kuzitumia wenyewe.

Kila wiki chagua nahau mbili, uzitumie katika mazungumzo au ujumbe wa kweli. Nahau uliyoitumia mara moja kwa mtu halisi haikutoki tena. Usiziweke tatu katika sentensi moja. Watangazaji wenyewe wakifanya hivyo wanachosha.

MAMBO YANAPOKWAMA

Wanaongea haraka mno. Kwanza angalia kama kipande chako ni kirefu kupita kiasi. Kipunguze mpaka dakika moja. Ukikwama bado, anza na mahojiano ya baada ya mechi. Wachezaji na makocha hurudia kauli zilezile: "We played hard", "We took it one possession at a time", "Credit to the other team". Zinaeleweka haraka na zinakupa msingi.

Bando halitoshi kutazama video. Sikiliza sauti pekee. Utangazaji wa redio ni bora hata kuliko video kwa mtu aliyeshapiga hatua, kwa sababu mtangazaji hana picha ya kumsaidia: analazimika kutaja mpira uko wapi, nani anao, muda umebaki kiasi gani. Taarifa za mechi zilizoandikwa nazo hutumia bando dogo, na zimejaa vitenzi vya wakati uliopita.

Naelewa nikisikia, lakini sisemi. Hiyo ni dalili ya kuiruka hatua ya 6. Irudie kwa kipande cha sekunde 30 kila siku, wiki nzima, kipande kilekile. Ukikichoka ndipo kimeanza kukaa.

Neno silioni kwenye kamusi. Huenda ni neno la mtaani la wachezaji, huenda ni jina la mtu, au umesikia maneno mawili kama moja. "Andone" ni "and one": amefunga huku amekosewa, na anapewa mtupo huru mmoja wa nyongeza. Tamka ulichosikia polepole, kata mahali tofauti, utafute tena.

Nimetumia nahau na mtu akanishangaa. Muulize palepale, "Did I use that right?" Wengi hufurahi kukusaidia. Mara nyingi nahau ilikuwa sahihi na mahali ndipo palipokosewa, au umegeuza neno dogo. Nahau za Kiingereza hazivumilii kubadilishwa: "no harm, no foul" ukiigeuza kuwa "no foul, no harm" inapoteza maana yake.

Nachanganya "l" na "r". Tumia maneno ya mchezo wenyewe kama mazoezi: "lay-up", "play", "rim", "rebound", "rally". Sema "lay-up" ukiwa umeigusisha ncha ya ulimi nyuma ya meno ya juu, kisha "rim" ulimi usiguse popote. Jirekodi, linganisha na mtangazaji, rudia.

Nina mwenzangu wa kujifunza naye, tufanyeje? Gawaneni kazi: mmoja atangaze, mwingine awe mchambuzi, kisha mbadilishane kipande kinachofuata. Mchambuzi ajibu maswali ya mtangazaji kwa sentensi kamili: "Why did he pass up that shot?" "Because he saw his teammate wide open in the corner." Mkikwama kwenye neno, lisemeni kwa maelezo mengine ya Kiingereza kabla ya kukimbilia Kiswahili, kisha muandike pengo hilo daftarini mlitafute baada ya mechi.